Usije Ukaniunguza

2 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote, nakuomba kitu kimoja. Kama Kitinda ndiye aliyekuletea barua hii kutoka posta, mtume dukani, jikoni au popote, kisha ndipo uendelee. Na usiisome kwa sauti kama ulivyozoea. Wewe hudhani unanong'ona, kumbe mpaka jirani anaitikia. Ndiyo maana sikupiga simu: kila ninachokuambia kwenye simu, Kitinda hukipigia kelele sikioni mwako mpaka kifike. Maneno ya humu ndani yabaki kati yangu na wewe, hata mkeo asiyajue.

Hapa sijambo. Ofisini nimepewa meza karibu na dirisha, nami najitahidi. Mkuu wetu tunamwita Komeo, kwa sababu hapiti mlango bila kuutikisa kitasa. Hajui bado kwamba ile stoo ya nyuma, yenye sinki na isiyo na dirisha, nimeigeuza chumba cha giza. Naingia wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wanapokwenda kula. Taa nyekundu, beseni za dawa, mashine ya kukuzia uliyonipa: vyote vinakaa nyuma ya viti vibovu. Kila nikisikia hatua za viatu vyake nazima taa.

Nimefurahi kusikia kwamba Kitinda ataolewa Agosti. Huyu ndugu yangu mdogo niliyembeba mgongoni, leo anaolewa! Mwambie nampongeza.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Ile negativu ya mama, kile kipande cha filamu ulichonitumia ili nimsafishie Kitinda picha kubwa ya harusi. Mjomba, picha ya mama imeungua.

Najua yeye, ambaye mama alifariki akimzaa, hajapata kuiona sura yake hata siku moja. Najua umemwahidi. Tafadhali usimwambie.

Nijibu kwa anwani ya ofisini, na juu ya bahasha uandike "Binafsi".

Mpwa wako.


19 Machi

Mpwa wangu Karani,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima. Mkeo wa kusingiziwa, yaani mke wangu, anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri au unashiba harufu ya dawa. Goti langu linanisumbua, masikio unayajua. Kitinda amekuwa kama mkuu wa wilaya humu ndani. Viti vipakwe rangi, kuta zipakwe rangi, na juzi amenitazama mimi kwa jicho lile lile.

Barua yako imenitisha bure. Nimemfukuza mtoto wa watu chumbani, nimefunga mlango, nimevaa miwani, nikajua umeua mtu. Kumbe picha imeungua! Karani wewe. Mimi nimeunguza karatasi ngapi katika maisha yangu? Mlango unafunguka kidogo, mwanga unaingia, karatasi inageuka nyeusi kama sufuria. Unatupa, unachukua nyingine. Negativu si ipo? Basi picha zipo elfu.

Umesoma sana, ndiyo shida yako. Msomi akijikwaa anadhani dunia imepasuka.

Kitinda ameshapima ukuta kwa kamba. Anataka mama akae juu ya meza ya maharusi, mahali ambapo mama mtu angekaa. Amenifunga kamba ile mkononi ili nisisahau. Fanya taratibu, lakini fanya.

Mjomba wako.


8 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na goti. Msalimu mkeo, mwambie nakula vizuri. Huku mvua zimeanza na ukuta wa chumba changu umeota ukungu. Ofisini Komeo amesimama mbele ya stoo akanusa, akaniuliza: "Humu ndani kuna nini?" Nikamjibu: "Makaratasi ya zamani, mzee." Akasema: "Makaratasi ya zamani hayanuki mshumaa." Nilibaki natabasamu kama mjinga hadi akaondoka.

Asante kwa barua yako. Niliisoma ngazini nikacheka, kisha sikuweza kuisoma mara ya pili.

Mjomba, nadhani sikujieleza vizuri. Si karatasi peke yake. Negativu nayo imepatwa. Niliiacha wazi siku moja taa kubwa ilipowashwa ghafla, nayo ikaungua kwa mwanga. Sura bado inaonekana kidogo upande mmoja. Labda ipo picha nyingine ya mama mahali fulani, kwenye masanduku yako ya studio? Ningeomba utafute bila Kitinda kujua.

Mpwa wako.


30 Aprili

Karani,

Marahaba. Tuko wazima.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko nilivyotaka. Nimeisoma nikiwa na njaa, nikaisoma nikiwa nimeshiba, imebaki ile ile.

Ulipokuwa mdogo nilikusimamisha kwenye kiti ndani ya chumba cha giza nikakufundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Filamu inaungua kwa mwanga kabla haijasafishwa. Ikishasafishwa imekuwa mtu mzima. Unaweza kuianika juani pamoja na nguo, unaweza kuibandika kwenye taa ya gari, haiungui. Ulilirudia mbele yangu kwa ile sauti yako ya darasani: "Filamu iliyosafishwa haiungui, mjomba."

Negativu ya mama yako niliisafisha mimi, kwa mikono hii, kabla Kitinda hajazaliwa.

Kwa hiyo ama umesahau nilichokufundisha, ama unanidanganya. Nimeomba Mungu iwe umesahau.

Picha nyingine haipo. Masanduku ya studio yaliliwa na mchwa na maji, unajua, ulinisaidia kuyatupa. Hiyo uliyokuwa nayo ilinusurika kwa sababu ilikaa kwenye pochi yangu.

Kitinda ananiuliza kila ukifika mzigo posta. Ninajifanya sisikii. Mara hii uziwi umenifaa.

Mjomba wako.


11 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na nyumbani mko salama.

Sikusahau.

Niliandika neno "imeungua" nikijua utalisikia kama fundi wa picha. Nilikaa mezani nikalichagua, mjomba, kama ninavyochagua maneno ya ofisini ili mtu asipate pa kunishikia. Uliponijibu kwa kicheko nikajiona nimepona. Kisha nikaongeza uongo wa pili, ambao hata mtoto wa studio hausemi.

Negativu iliungua kwa moto. Moto wenyewe, wa mshumaa. Ilikuwa imejikunja kwa kukaa kwenye pochi, haikulala sawasawa kwenye mashine ya kukuzia. Nikaipasha juu ya mshumaa ili inyooke. Ikashika. Nilipopuliza ilikuwa imebaki kidonge cheusi, kidogo kama punje ya maharagwe.

Nisamehe. Nilitaka tu kuinyoosha.

Mpwa wako.


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Ninaandika shikamoo hii juu ya ile ya mwezi uliopita, ambayo hukuiitikia. Kila siku nimeangalia kisanduku cha barua cha ofisi. Mhudumu wa mapokezi sasa akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali kabla sijamfikia.

Nadhani ninajua kwa nini umenyamaza. Hukuniamini kwamba nilitaka kuinyoosha. Ulinifundisha wewe mwenyewe kunyoosha negativu: kuiweka kati ya vioo viwili na kitabu kizito juu. Hakuna fundi anayenyoosha filamu kwa mshumaa.

Nitakuambia ilivyokuwa, na nikishakuambia sitakuwa na pa kurudi.

Tangu mwaka jana nafanya kazi na moto. Nilianza kwa kiberiti. Ukiwasha njiti gizani, mbele ya karatasi ya picha, kisha ukaiweka karatasi kwenye dawa, unaona moto umejiandika wenyewe, lakini mweusi, kama mzizi. Nilishangaa: kitu king'aacho kuliko vyote kinaandika giza. Nikapaka vioo masizi nikachora kwa kucha. Kisha nikaanza na negativu zangu mwenyewe, za mitaa, za ngazi, za mikono ya watu. Ukipitisha mshumaa chini yake taratibu, ule utando unaobeba picha unalainika, unatembea, ukuta unakuwa maji, mtu anakuwa moshi. Hujui kitakachotokea. Kinachoharibika na kinachozaliwa ni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wewe umeshika mshumaa. Mimi ambaye ofisini naogopa hata kupiga chafya, humo ndani sikuogopa kitu.

Ilipofika negativu ya mama, niliitazama kwenye taa. Ilikuwa nzuri, mjomba. Ilikuwa safi kabisa, haikujikunja hata kidogo. Ningesafisha picha siku ile ile nikaituma. Nikajiambia: kidogo tu, pembeni, nywele zake ziwe kama upepo. Hakuna atakayejua.

Nikaipitisha juu ya moto. Upande wa kushoto wa uso ukalainika, ukapanda juu kama pazia. Jicho moja lilibaki na tabasamu likabaki. Nikaiweka kwenye mashine nikasafisha karatasi moja. Ilipokuwa inatokea ndani ya dawa nililia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Hapo ningeacha. Bado ningekuwa na nusu ya mama.

Nikataka kidogo zaidi. Nikairudisha kwenye mshumaa. Hiyo ndiyo ile punje ya maharagwe.

Na sijamaliza. Ile karatasi niliipeleka kwa fundi fremu wa mtaa wa nyuma ya ofisi, mwanamke mwenye maneno, ananiita Msomi. Kila mwaka anatundika kazi za watu ukutani kwake na wenye macho ya picha huja kutazama. Akaishika mbali, akaishika karibu.

"Msomi, huyu ni nani?"

Nikasema: "Si mtu. Ni negativu niliyookota."

Hivyo ndivyo nilivyomwita mama yangu. Akaifunika sehemu ya chini kwa kadi, akasema huku chini hakukuungua, ni safi mno, kunaharibu kazi. Nikamwambia sawa, funika. Wakaja watu. Mama mmoja akamwambia mwenzake: "Tazama, ni kama moto unamzaa." Nilisimama nyuma yao nikafurahi. Nilifurahi, mjomba. Hilo ndilo siwezi kulimeza hadi leo. Kwenye kuunguza mtu anaweza kusema ni bahati mbaya, lakini nilipofurahi hakuna aliyenisukuma.

Iko ukutani kwake bado. Watu wanaisifu.

Usimwambie Kitinda. Au mwambie. Sijui tena nakuomba nini.

Mpwa wako.


3 Julai

Karani,

Marahaba. Na ile ya mwezi wa tano, marahaba. Sikuitikia kwa sababu mkono ulikataa, na deni la salamu ni baya kuliko madeni yote, kwa hiyo leo nimelilipa.

Nilikasirika. Wahenga walisema moto huzaa majivu. Miaka yote nilidhani wanasema juu ya watoto wa watu wengine. Niliandika barua nyingine kabla ya hii. Mke wangu aliisoma akaniambia: "Hii ukiituma, hutakuwa na mpwa." Akaitia jikoni chini ya sufuria. Kwa hiyo na sisi huku tumeunguza kitu.

Sasa nisikilize. Kuna jambo kuhusu picha ile ambalo hujawahi kuniuliza, nami sikuwahi kulisema.

Siku ile alikuja studio akiwa na mimba kubwa. Alisema anataka kupigwa picha kabla hajapasuka. Nilipomkalisha, umeme ukakatika. Nikamwambia arudi kesho. Akasema: "Kesho naweza nisiweze kutembea, kaka, tafuta mwanga." Nikawasha karabai, ile taa ya mafuta, nikaining'iniza juu ya kichwa chake, karibu mno, mpaka nikaona jasho. Akacheka akaniambia: "Kaka, usije ukaniunguza." Mimi nikajidai: "Sijawahi kuunguza mtu." Alikuwa anacheka nilipobonyeza.

Kwa hiyo moto ndio uliomleta kwenye filamu ile, na moto ndio uliomtoa. Sikuambii haya kukupoza. Nakuambia kwa sababu ni lako na la Kitinda, na mimi ninazeeka.

Hicho ulichofanya ni kibaya. Ulichosema kwa fundi fremu ni kibaya zaidi. Lakini hili la kunifungia mlango na mtoto wa dada yangu, nimechoka nalo. Tangu Machi kila barua yako ikija namfukuza chumbani kama mwizi. Jana ameniuliza: "Mjomba, kaka ana ugonjwa gani ambao mimi sitakiwi kuujua?" Uziwi haukunisaidia, maana alikuwa ameniandikia kwenye karatasi.

Siri yako nimeitunza mbele ya Kitinda. Sasa ichukue mwenyewe. Niandikie barua moja ambayo sitalazimika kumtuma mtu dukani.

Na mimi nakuuliza, kama fundi: huko chini, alikofunika kwa kadi, kuna nini?

Mjomba wako.


12 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mwite Kitinda. Mpe barua hii aisome yeye, kwa sauti, na mkeo awepo. Mlango uache wazi.

Kitinda, ndugu yangu, hujambo? Huyu ni kaka yako. Sina ugonjwa. Negativu ya mama, ile iliyokuwa imebaki peke yake duniani, niliiunguza kwa mshumaa, nikijua ninachofanya, kwa sababu nilitaka picha ya kusifiwa. Kisha nikamdanganya mjomba, nikamwomba na yeye akufiche. Picha uliyoahidiwa, yenye uso mzima, haipo na haitakuwepo. Ule ukuta ulioupima, ni mimi niliyeuacha mtupu. Mengine yote yapo kwenye barua zangu za nyuma. Mjomba, mpe azisome, hata zile zenye aibu.

Mjomba, ulipouliza huko chini kuna nini, nilienda siku hiyo hiyo kwa fundi fremu. Nikamwambia naitaka picha yangu.

"Unaipeleka wapi, Msomi? Watu wanaiulizia."

"Ni mama yangu."

Akaweka nyundo chini. "Si ulisema umeiokota?"

"Nilisema."

Halafu akachukua koleo akaanza kung'oa misumari. "Haya, shika huku, na uangalie kioo, kinakata waongo kwanza."

Akaitoa kadi. Chini kuko safi kabisa, moto haukufika. Kuna mkono wa mama, pete kidoleni, vidole vimetawanyika, umelala juu ya tumbo. Kitinda, hilo tumbo ni wewe. Nilikuona siku ile picha ilipotokea ndani ya dawa, nami nikakubali ufunikwe kwa kadi kwa sababu ulikuwa unaharibu kazi.

Nimeiweka kati ya mbao mbili nyembamba, imo kwenye mzigo huu pamoja na barua. Imetoka karatasi moja tu, sina nyingine. Usitundike kitu ambacho hutaki kukitazama siku ya harusi yako. Ukitaka kuichana, ichane. Ukitaka kuiweka kabatini, weka. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nisije, nitaelewa, nami sitamwomba mtu akubembeleze.

Anwani ya ofisi msiitumie tena. Nilimfungulia Komeo stoo mwenyewe, kabla hajaivunja. Aliangalia beseni, mishumaa, kuta zenye masizi, akauliza: "Kwa hiyo ungeichoma ofisi nzima, halafu ungeniita nije kutazama picha?" Nimesimamishwa kazi mpaka wakubwa wakae. Kwa mara ya kwanza sina la kumficha, na bado namwogopa.

Fundi fremu amenipa chumba cha nyuma ya karakana yake, namsaidia kukata kadi. Barua ziandikeni kwake. Kama kuna atakayekuja, ashuke stendi kubwa, afuate ukuta wa kiwanda cha magodoro mpaka mwisho, aingie kushoto penye fundi viatu, aulize kwa fundi fremu mwenye maneno, wanamjua wote. Apite katikati ya mbao, atauona mlango wa bati usio na kitasa. Nikiwa kazini ndani huwa gizani, kwa hiyo watu wote hubisha na kungoja niseme tayari, maana mwanga ukiingia kila kilichomo kwenye beseni kinaungua.

Lakini kama ni wewe, Kitinda, usibishe wala usingoje. Sukuma mlango uingie. Kiungue kitakachoungua.

Kaka yako.